Mtoto wa chupa alipofanywa kipimo cha watoto wote



Ndugu wasomaji, akina mama na akina baba, pamoja nanyi wanafunzi mnaopenda makala za historia, leo tumeonelea tuwaletee historia ambayo haimo katika vitabu vya shule ingawa karibu kila mmoja wetu amepita ndani yake. Ni historia ya kadi ya kliniki, ile yenye mistari inayopanda, ambayo mama huibeba ndani ya mfuko wa plastiki huku mtoto yuko mgongoni. Maneno yanayofuata baada ya mtoto kushushwa kwenye mizani tunayajua. "Mama, mtoto hapandi." Na mama akifika nyumbani, kabla hata hajavua kanga ya mabega, mama mkwe na mawifi wameshatoa hukumu: maziwa yake mepesi, mtoto apewe uji. Mtoto mwenyewe ana miezi minne.

Swali letu ni hili. Ule mstari ambao mtoto ameshindwa kuupanda ulichorwa na nani, na ni watoto gani walipimwa ili uchorwe? Jibu lake huwashangaza wengi. Kwa karibu miaka thelathini, kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1970 hadi mwaka 2006, kipimo cha dunia cha ukuaji wa watoto wachanga kilitokana na watoto wa sehemu moja ndogo ya jimbo la Ohio, Marekani, ambao wengi wao walilelewa kwa chupa. Mama wa Kampala, wa Bujumbura, wa Bukavu na wa Mombasa wote walipimiwa watoto wao kwa fimbo hiyo. Lakini ili tulifahamu jambo hili vizuri inabidi tuanzie mbali kidogo.

MIAKA MIWILI, NA NENO "KUBEMENDA"

Kwetu sisi Waislamu muda wa kunyonyesha tumeukuta umeshazungumzwa. Aya ya 233 ya Suratul Baqara inataja miaka miwili kamili kwa anayetaka kukamilisha kunyonyesha, na ndani ya aya hiyo hiyo chakula na mavazi ya mama anayenyonyesha vimewekwa juu ya baba wa mtoto. (Nusu ya kwanza ya aya tunawasomea wake zetu mara nyingi. Nusu ya pili akina baba huipita haraka haraka.) Tabibu mkubwa Ibn Sina, aliyefariki mwaka 1037, naye aliandika katika kitabu chake cha Al-Qanun kwamba maziwa ya mama ndiyo yanayomfaa mtoto zaidi, na kwamba muda wake wa kawaida ni miaka miwili.

Watu wa pwani wana neno lao, kubemenda. Mtoto anayenyonya akidhoofu, akavimba miguu au akachelewa kutembea, husemwa kuwa amebemendwa, yaani wazazi wake wamekutana kabla ya wakati, au mama ameshika mimba nyingine na maziwa yakaharibika. Neno hili limevunja ndoa na kuwatia aibu wanawake wasio na kosa. Katika Sahih Muslim imepokelewa kutoka kwa Bibi Judama bint Wahb kwamba Mtume (S.A.W.) alikuwa amekusudia kukataza ghila, na wanavyuoni wameieleza ghila kuwa ni mume kumwingilia mke anayenyonyesha, au mama kunyonyesha akiwa na mimba. Kisha akaangalia hali ya Warumi na Waajemi, ambao walifanya hivyo na watoto wao hawakudhurika, basi hakuikataza.

Tunaomba msomaji aiweke kando hoja hiyo, maana tutaihitaji tena mbele: waangalie watoto wa watu wengine, uone wakoje.

Hata hivyo wazee hawakuwa wameota. Macho yao yaliona kitu cha kweli, sababu ndiyo waliyoikosea. Mama akishika mimba upesi, mtoto wa kwanza huondolewa ziwani, na mara nyingi anaanza kudhoofu tangu siku hiyo. Baganda wana neno lao, obwosi, kwa ugonjwa wa mtoto ambaye mama yake ameshika mimba nyingine. Na huko Afrika Magharibi, watu wa kabila la Ga katika mji wa Accra walikuwa na neno ambalo baadaye limeenea dunia nzima: kwashiorkor, ugonjwa wa mtoto aliyeondolewa mahali pake na mdogo wake.

DAKTARI ALIYEWAULIZA AKINA MAMA

Aliyelitoa neno hilo Accra na kulipeleka katika majarida ya udaktari ni mwanamke, Dk. Cicely Williams, aliyezaliwa Jamaica mwaka 1893 na kusoma Oxford. Alifika Gold Coast, Ghana ya leo, mwaka 1929 akiwa mwajiriwa wa serikali ya kikoloni. Wodini alikuta watoto wa mwaka mmoja hadi minne wamevimba miguu na mikono, ngozi inabambuka, nywele zimegeuka rangi, wamenuna na hawataki kula, na wengi wao wakifa. Badala ya kukisia, aliwauliza akina mama jina la ugonjwa na kisa chake. Mwaka 1933 aliandika kuhusu ugonjwa huo na kuuhusisha na watoto walioachishwa ziwa wakapewa uji wa mahindi karibu peke yake, na mwaka 1935 akaandika tena katika jarida la Lancet, mara hii akiutaja kwa jina lake la Kiga. Vitabu vya afya vya Kiswahili siku hizi huuita unyafuzi.

Wakubwa wake hawakufurahi. Bingwa mmoja wa magonjwa ya Afrika, Hugh Stannus, alisisitiza kwamba huo ni ugonjwa wa pellagra unaojulikana siku nyingi, na mabishano yakaendelea kwa miaka. Mwaka 1936 Dk. Williams alihamishiwa Malaya.

Huko alikuta balaa jingine. Hawa hawakuwa watoto walioondolewa ziwani na wadogo zao. Walikuwa wachanga wa miezi michache ambao mama zao walishawishiwa kuacha kunyonyesha na kununua maziwa ya kopo mazito yenye sukari, na wanawake waliovaa sare kama wauguzi walitumwa kwenda kuyasifu kwa wazazi. Maziwa yale hayana mafuta ya kutosha wala vitamini za kutosha kwa mtoto mchanga, tena yalichanganywa na maji machafu. Mwaka 1939 aliitwa kuhutubia klabu ya Rotary ya Singapore, mkutano wa wafanyabiashara na waheshimiwa, na hotuba yake akaipa jina la "Maziwa na Mauaji". Aliwaambia waziwazi kwamba matangazo ya namna ile yahesabiwe kuwa ni uuaji wa watoto. Wajapani walipoiteka Singapore mwaka 1942, yeye alifungwa pamoja na raia wengine katika gereza la Changi. Baadaye alipenda kusimulia kwamba watoto 20 waliozaliwa kifungoni wote walinyonya na wote waliishi, katika mahali ambapo chakula cha mama zao kilikuwa haba mno. Mwaka 1948 alikuwa mkuu wa kwanza wa idara ya afya ya mama na mtoto ya Shirika la Afya Duniani (WHO).

MULAGO, NA DAWA ILIYOZAA UGONJWA

Sasa turudi nyumbani Uganda, maana katika historia hii Hospitali ya Mulago, Kampala, ni mahali pakubwa kuliko wengi wetu tunavyojua. Dk. Hugh Trowell alihamia Uganda kutoka Kenya mwaka 1935, na yeye na wenzake Davies na Dean ndio walioandika kitabu kizima juu ya kwashiorkor kilichotoka mwaka 1954. Katika miaka hiyo ya 1950 Dk. Dean aliongoza mjini Kampala kituo cha utafiti cha Waingereza kilichoshughulika na utapiamlo wa watoto. Fikra ya wakati ule ilikuwa kwamba mtoto wa Buganda anaachishwa ziwa na kulishwa matoke na viazi vitamu, ambavyo vina protini kidogo mno, kwa hiyo dawa ni protini. Na protini iliyopatikana kwa urahisi ilikuwa maziwa ya unga yaliyotolewa mafuta. Watoto waliokuwa wanakufa walipewa maziwa hayo kwa utaratibu, na wengi wakapona.

Leo wataalamu hawasemi tena kwamba kwashiorkor ni upungufu wa protini peke yake. Utafiti wa pacha nchini Malawi uliochapishwa mwaka 2013 ulionyesha kuwa hata vijidudu vya tumboni vina sehemu yake, kwani pacha wawili walikula chakula kimoja na mmoja tu akaugua. Hayo tuyaache. Jambo lililo muhimu kwetu ni lile lililotokea nje ya wodi.

Mama aliyemwona mtoto wake akifufuka kwa maziwa ya unga alirudi kijijini akijua kitu kimoja, kwamba maziwa ya unga ni dawa. Nani angemlaumu? Wazungu wa hospitali wenyewe ndio waliompa. Akapata mtoto mwingine, na mara hii hakungoja augue. Alinunua kopo na chupa. Maji ya kisimani hayakuchemshwa, kuni ni shida, kopo moja lilinyooshwa litoshe wiki mbili, na chuchu ya chupa ilikaa na nzi. Kwashiorkor ilikuwa ikiwapata watoto walioachishwa ziwa. Sasa madaktari wa Mulago wakaanza kuona wachanga zaidi, wakondefu, mifupa na ngozi, wanaoharisha, na nyuma yao kuna chupa.

Profesa Derrick Jelliffe aliyefundisha magonjwa ya watoto Makerere kuanzia mwaka 1959 aliliona hilo, na baadaye akabuni msamiati maalumu kwa utapiamlo unaoletwa na biashara. Yeye na wenzake walifikia uamuzi ambao kwa maoni yetu ndio wa busara kuliko yote yaliyofanyika katika mlima ule wa Mulago: mtoto asiponeshwe kwa kitu ambacho mama yake hataweza kukipata nyumbani. Mwaka 1965 kilifunguliwa kituo cha Mwanamugimu. Jina limetoka katika methali ya Kiganda isemayo kuwa mtoto mwenye siha hutokana na mbeleko aliyolelewa ndani yake. Mama alikaa pale na mtoto wake mgonjwa, akapika mwenyewe, akamlisha mwenyewe, na akamwona akipona kwa chakula cha shambani kwake. Chakula hicho ndicho kitobero: matoke au viazi, pamoja na maharage au karanga, dagaa au nyama au yai, na mboga za majani, vikifungwa katika jani la mgomba na kupikwa kwa mvuke. Kituo kilivuka miaka migumu ya 1970 na 1980, na hadi leo kipo.

DUNIA YAAMKA

Yaliyoonekana Singapore na Kampala yalikuwa yakitokea kila mahali. Mwaka 1974 shirika moja la Uingereza, War on Want, lilitoa kijitabu kilichoandikwa na Mike Muller kiitwacho "The Baby Killer", kikieleza namna makampuni ya maziwa yanavyotangaza biashara yao Afrika na nchi nyingine maskini. Kikundi cha Uswisi kilikitafsiri na kukipa jina linalosema wazi kwamba kampuni ya Nestlé inaua watoto. Kampuni ikawashitaki. Mwaka 1976 mahakama ya Bern iliwatia hatiani kwa sababu ya jina lile na kuwatoza faini ya faranga 300 kila mmoja, lakini hakimu akaiambia kampuni nayo ifikirie upya namna inavyotangaza bidhaa zake. Mwaka 1977 ulianza Marekani mgomo wa kutonunua bidhaa za kampuni hiyo.

Mei 1981 Mkutano Mkuu wa Afya Duniani ulipitisha Kanuni za Kimataifa za uuzaji wa vyakula vinavyochukua nafasi ya maziwa ya mama. Nchi 118 zilikubali, tatu hazikupiga upande wowote, na moja tu ikakataa: Marekani. Uganda iliweka kanuni zake mwaka 1997, na Kenya ikapitisha sheria yake mwaka 2012. Kanuni zinakataza matangazo, sampuli za bure kwa akina mama na zawadi kwa wahudumu wa afya ili wayasifu makopo. Haziwakatazi wauzaji kuuza, wala hazimkatazi mama mwenye dharura kununua.

Kanuni zilifunga mdomo wa tangazo. Lakini kulikuwa na tangazo jingine ambalo hakuna aliyelijua kuwa ni tangazo, nalo lilikuwa limechapishwa kwenye kadi ya kliniki.

MSTARI WA OHIO

Kadi yenyewe ni kitu chema, na aliyeieneza alikuwa mtu mwema. Daktari Mwingereza David Morley, aliyefanya kazi katika kijiji cha Imesi, magharibi mwa Nigeria, kuanzia mwaka 1956, alifikiri kwamba mtoto apimwe uzito kila mwezi, uzito uwekwe nukta, nukta ziunganishwe, na kadi akae nayo mama mwenyewe badala ya kufungiwa kabatini hospitalini. Nukta zikipanda mtoto yuko njiani. Zikilala, shughulikeni kabla hajaugua.

Shida ni mistari iliyochapishwa nyuma ya nukta. Ilikuwa lazima itoke kwa watoto fulani. Jelliffe, katika kitabu alichokiandikia WHO mwaka 1966, alitumia vipimo vya watoto wa Boston. Mwaka 1977 kituo cha takwimu za afya cha Marekani kilitoa mistari mipya na mwaka uliofuata WHO ikaichukua kwa ajili ya dunia. Sehemu ya watoto wachanga ilitokana na utafiti uliofanyika Yellow Springs, Ohio, kuanzia mwaka 1929 hadi 1975, kwa watoto wa Wamarekani weupe, wengi wao wa tabaka la kati. Walipimwa mara moja tu kila miezi mitatu. Na wengi walikunywa chupa, kwani ndivyo desturi ya Marekani ilivyokuwa wakati huo.

Sasa fahamuni tofauti. Mtoto anayenyonya huanza kwa kasi kubwa katika miezi miwili au mitatu ya kwanza. Baada ya hapo hupunguza mwendo, huku wa chupa akiendelea kunenepa. Ukimweka mtoto wa ziwa juu ya mistari ya Ohio ataonekana anapanda vizuri, halafu kuanzia mwezi wa tatu mstari wake unaanza kulala. Hana ugonjwa wowote. Ndivyo alivyoumbwa kukua. Lakini muuguzi aliyefundishwa kuiamini kadi ataona mtoto anayekwama, na mama ataambiwa maziwa hayatoshi.

Na ikumbukwe kwamba mpaka mwaka 2001 ushauri rasmi wa WHO ulikuwa mtoto aanze vyakula vingine kati ya mwezi wa nne na wa sita. Kadi inalala mwezi wa nne, ushauri unaruhusu mwezi wa nne, mama mkwe ana sufuria ya uji mkononi. Mtoto akianza kupewa uji mwepesi hunyonya kidogo, na akinyonya kidogo maziwa hupungua, kwani ziwa hutoa kadiri linavyonyonywa. Baada ya mwezi mmoja maziwa kweli hayatoshi. Kadi imejithibitisha yenyewe! Na juu yake kuna kuharisha. Wangapi kati ya mama zetu waliingia kaburini wakiamini kwamba walikuwa na maziwa mabovu?

Miaka hiyo hiyo Ukimwi nao ulileta mtihani wake. Ilipojulikana kuwa virusi hupita katika maziwa, akina mama wengi wenye virusi walishauriwa chupa. Utafiti wa Durban wa mwaka 1999 ukaonyesha kuwa hatari zaidi ni kuchanganya ziwa na vyakula vingine. Mwanzoni mwa mwaka 2006 mvua kubwa zilileta mlipuko wa kuharisha Botswana, ambako serikali iliwapa akina mama hao maziwa ya kopo bure, na watoto wengi wa chupa walifariki. Tangu mwaka 2010 WHO inashauri mama anayetumia dawa za kufubaza virusi anyonyeshe, kwa kufuata maelekezo ya kliniki yake.

MTOTO WA MUSCAT, MTOTO WA ACCRA

Waliougundua ubovu wa mistari walikuwa wengi. Mmojawapo ni Kathryn Dewey wa Davis, California, ambaye yeye na wenzake waliwafuatilia watoto wa ziwa na wa chupa wa mji mmoja na wa hali moja ya maisha, na mwanzoni mwa miaka ya 1990 wakaonyesha kwamba wa ziwa hawakuwa wagonjwa kwa kuwa wembamba zaidi. Mwaka 1994 Mkutano Mkuu wa Afya Duniani ukaagiza kipimo kipya.

Hapa ndipo ile hoja ya Warumi na Waajemi inaporudi. Watafiti waliamua kuwaangalia watoto wa mataifa mbalimbali na kuona wakoje. Kuanzia mwaka 1997 hadi 2003 walipimwa watoto takriban 8,500 katika miji sita: Pelotas wa Brazili, Accra wa Ghana, Delhi wa India, Oslo wa Norway, Davis wa Marekani, na Muscat wa Oman, mji ambao familia nyingi za Waswahili zina ndugu zao. Sharti lilikuwa mama havuti sigara, hali ya nyumba inaruhusu mtoto kukua, mtoto ananyonya bila ya vyakula vingine au karibu bila ya vyakula vingine kwa miezi minne angalau, anaanza kula ifikapo mwezi wa sita, na anaendelea kunyonya hadi kufikisha mwaka.

Matokeo yalitangazwa tarehe 27 Aprili 2006. Watoto wa Oslo na wa Delhi, wa Muscat na wa Accra, walikuwa karibu sawa kwa urefu. Tofauti kati ya mji na mji zilichukua kama asilimia 3 tu ya tofauti zote. Sehemu kubwa ya zilizobaki ilikuwa tofauti za kawaida, kama za mtoto na jirani yake, au za mtu na ndugu yake wa tumbo moja. Kwa miaka mingi tumeambiwa, na wengine tumejiambia wenyewe, kwamba watoto wetu ni wafupi kwa sababu ya kabila au damu. Katika miaka mitano ya kwanza, kwa sehemu kubwa kabisa, sivyo. Tena zingatieni kuwa Accra ndiko Dk. Williams alikowakuta watoto wa kwashiorkor. Sasa watoto wa mji huo huo, wakinyonyeshwa na kulishwa vizuri, walisaidia kuchora kipimo cha kumpimia mtoto wa Norway.

Mtoto wa kiume wa kati kwa kati katika kipimo kipya ana kilo 9.6 anapotimiza mwaka. Katika kile cha zamani alitakiwa awe na kilo 10.2. Wa kike ni kilo 8.9, na zamani ilikuwa 9.5. Hiyo zaidi ya nusu kilo ndiyo iliyowatoa machozi mama wengi.

Lakini msifurahi haraka, akina mama. Kipimo kipya kina ukali wake. Kwa kuwa mtoto wa ziwa hukua kwa kasi katika miezi ya mwanzo, watoto wa chini ya miezi sita wanaohesabiwa kuwa na uzito mdogo waliongezeka, na waliohesabiwa kuwa wadumavu, yaani wafupi kuliko umri wao, nao wakaongezeka. Uchunguzi wa takwimu za nchi 54 uliochapishwa mwaka 2010 ulitumia mistari hii, ukaonyesha kwamba watoto wa nchi maskini huendelea kuachwa nyuma kwa urefu hadi wanapofikia miezi 24, na baada ya hapo ni kidogo mno kinachorudi. Ni miaka ile ile miwili.

Kwa hiyo baada ya mwezi wa sita kisingizio cha kadi kinakwisha. Hapo mama mkwe ana haki ya kuleta sufuria, ila tumwombe asilete uji wa maji. Tumbo la mtoto wa miezi saba ni dogo, na uji mwepesi hulijaza kabla ya kumshibisha. Uwe mzito usiomwagika kijikoni, uwe na karanga zilizosagwa au maziwa au dagaa waliopondwa, apewe mara mbili au tatu kwa siku mpaka mwezi wa nane, na kuanzia mwezi wa tisa mara tatu au nne, na ziwa liendelee. Katika vijiji vinne vya Guatemala, kuanzia mwaka 1969 hadi 1977, watoto wa vijiji viwili walipewa uji wenye protini na wa vijiji viwili vingine kinywaji chepesi kisicho na protini. Walipokuja kutafutwa ukubwani, wanaume waliopata uji ule katika miaka miwili ya kwanza ya maisha walikuwa wakilipwa kwa saa asilimia 46 zaidi. Waliouanza baada ya miaka mitatu hawakuonyesha tofauti. Kwa wanawake tofauti hiyo ya mshahara haikuonekana.

Kadi nyingi za siku hizi zinafuata mistari ya mwaka 2006, na alama yake moja ni kwamba mvulana ana mistari yake na msichana ana yake. Wenye watoto wakubwa waliozaliwa kabla ya hapo, ikiwa kadi zao bado zipo sandukuni, wazitoe wazilinganishe na ya mjukuu. Na wanaoishi na bibi aliyewahi kuambiwa kuwa maziwa yake ni mepesi, wamsomee makala haya.

Wabillahi tawfiq.